Msichana Aliyekwenda Mwezini

Siku hizo vitabu vya kioo vilimsoma msomaji. Kidole gumba ulichokiweka juu ya kioo kilieleza hali ya moyo wako, na hadithi ikajigeuza ikuridhishe.

Bi Salome alijifunza kusoma katika darasa la jioni, akiwa na miaka sitini na mbili, kwa ajili ya hadithi moja tu. Marehemu mumewe, Elikana, alikuwa akimsomea kwenye kitabu cha karatasi: msichana anakwenda mwezini, harudi tena. Kila walipofika hapo, Elikana alifuta macho kwa kanga ya mkewe.

Sasa alimwomba Mungu, kama kawaida yake kabla ya kusoma, akaisoma mwenyewe kwenye kitabu cha kioo. Msichana akarudi nyumbani, akapikiwa.

“Wa kwangu hata hakuondoka,” alisema Nyamizi, mwenzake wa dawati. “Kaolewa hukuhuku.”

“Mwalimu, yule asiyerudi yuko wapi?” Salome aliuliza.

“Kiambie kitabu, Bibi. Kitakutengenezea.”

Akakieleza yote, hata ile kanga. Ukurasa ukabadilika: msichana hakurudi, na mzee aitwaye Elikana akalia kwa kwikwi, akafuta macho kwa kanga ya mkewe.

Salome alikilaza kitabu kifudifudi. Akafumba macho, akimwomba Mungu amkumbushe jinsi Elikana alivyokuwa akilia, kabla kitabu hakijamwambia.