Kalenda ya Chooni

Sanduku la Marisol lilikuwa mlangoni. Miezi mitano Zutphen, Uholanzi, ilimtosha: kahawa na biskuti moja tu, kisha mama mwenyeji anafunika kopo la biskuti. Masomo hayajaisha, lakini anarudi zake Peru.

Aliingia chooni mara ya mwisho. Ukutani ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa, isiyo na mwaka, ya kutumika maisha. Majina yote yalikuwa ya ukoo wa yule mama, hata la mumewe aliyekwisha kuzikwa.

Kwa kupoteza muda tu, akafunua hadi Juni, mwezi aliozaliwa.

Tarehe tisa: *Marisol*. Kwa wino.

“We binti, umelala humo?” mama alimpigia kelele kutoka nje. “Treni itakuacha!”

Marisol akaketi juu ya kifuniko cha choo, kidole kingali kwenye jina lake.

“Treni gani?”