Mama Panda na Bakuli la Asali

Mungu anisamehe, niliwahi kumfungia mbuzi wangu mwanawe mbali, nikidhani hatamkumbuka.

Mama Panda alijifungua pacha katika zizi la Nyani. Nyani alihofia maziwa hayatawatosha, akamwachia mmoja, wa pili akamficha kando na kumlisha mwenyewe. Kila mara Mama Panda alipoinamia bakuli la asali aliloletewa, Nyani alibadilisha watoto kwa siri, huku akijisifu, "Huyu hata mpaka mbili hajui kuhesabu."

Siku moja Mama Panda hakuigusa asali. Akamsogezea Nyani mtoto aliyempakata.

"Bwana Nyani, mchukue huyu, niletee nduguye. Tangu juzi sijamnusa."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu bakuli la kwanza. Nilikuwa nainama ili umlete."

Nyani akamleta wa pili, na wa kwanza hakumchukua.

Nawe unayenisikiliza, kama una mbuzi aliyezaa, kamfungulie mwanawe.