Mbuzi ya Mkono Mmoja

Katika karakana ya chuo, wanafunzi wanne walikuwa wakigawana kazi za mradi wao: kubuni mbuzi ya kukunia nazi kwa ajili ya mtu mwenye mkono mmoja. Shekue, kiongozi wa kundi, alikwisha kumpata wa kuchora, wa kuchonga mbao na wa kunoa chuma.

"Bado wa kuijaribu," alisema. "Mwalimu hataki tubahatishe. Nani anamjua mtu wa namna hiyo?"

Salha, mmoja wa wanne hao, aliinamia meza. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mama yake anaishi mbali, ndiyo maana haji siku za wazazi.

"Mama yangu," alisema.

"Si yuko mbali?"

"Yupo nyumbani. Hapo nyuma ya soko."

Hakuna aliyecheka. Shekue aliuliza jina, akaliandika, kisha akasema taratibu, "Atakubali kuja?"

"Sijui. Sijawahi kumwita."

Salha akauvuta mchoro. Akakifuta kwa raba kishikio walichokiweka kulia, akaanza kukichora upya upande wa kushoto.