Malaria ya Kitanda cha Nne

"Sista, mji huu una baridi mpaka mbu hawaishi," alisema mkaguzi wa takwimu, kidole chake kikiwa juu ya rejista ya wodi ya wanawake. "Wagonjwa arobaini na mmoja wa malaria wametoka wapi? Na kwenye mimba zilizotolewa, sifuri mwaka mzima! Wizara inataka ukweli."

Sista Tunu aliacha kukunja shuka.

"Huo ukweli wako niliwahi kuuandika. Mara moja tu niliandika 'ametoa mimba' badala ya malaria. Polisi walikuja na nakala ya ukurasa huo wa rejista, wakamtoa msichana kitandani, dripu bado iko mkononi. Damu ilimtoka hadi getini. Nilipiga deki mimi mwenyewe. Wewe na wizara yako mlikuwa wapi?"

"Mimi nakagua tu, sista. Rekebisha, nisaini, niondoke."

"Nirekebishe?" Alichomoa kalamu mfukoni, akaishindilia kiganjani mwa mkaguzi. "Rekebisha wewe! Anza na huyu aliyeletwa jana, kitanda cha nne. Ana miaka kumi na saba, na tangu uingie anakusikia."

Mkaguzi aliinamia rejista. Akalitafuta jina, akalipata, akasogeza kalamu hadi kwenye neno malaria. Ndipo alipoinua macho.

Kwenye kitanda cha nne msichana alikuwa ameketi. Alikuwa ameshaichomoa dripu kwa mkono wake mwenyewe, na mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye ndala. Hakumtazama mkaguzi usoni. Alikuwa akiitazama kalamu.