Mwenza wa Mstaafu

Tangu mkewe, Nyamizi, astaafu ualimu, Lufungulo, fundi seremala, aligoma kuandikishwa kwenye bima yake ya afya. "Niwe mtegemezi wa mke, mimi?" alisema, huku macho yake yakizidi kufifia.

Siku alipojigonga kidole kwa nyundo mara ya pili, Nyamizi hakubishana naye tena. Alivaa kitenge kipya, akachukua cheti cha ndoa, wakaenda ofisi ya bima.

Dirishani, karani alimsogezea mzee fomu. "Mstaafu ni wewe, baba?"

Nyamizi alitaka kujibu, lakini mumewe akamtangulia.

"Mstaafu ni huyu mke wangu," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Amefundisha miaka thelathini na minne. Mimi ndiye mwenza wake. Niandike."

Watu wakageuka. Nyamizi akaivuta fomu, akaandika jina la mumewe kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka.

Mzee alipoitwa kupigwa picha ya kadi, Nyamizi alimfunga kifungo cha juu cha shati. Lufungulo akainua kidevu, akaushika mkono wa mkewe.

"Mama, sogea kidogo, unaonekana kwenye picha," mpiga picha alisema.

Lufungulo hakuuachia mkono.