Jiko Lililotangulia Kujua

Uji wa mumewe ulikuwa haujachemka jiko lilipojizima. "Pole kwa msiba," likasema kwa sauti laini. "Majirani watakupikia mpaka matanga yaanuliwe."

"Msiba wa nani, we mdomo mchafu?" Mwanakombo akalifokea, akalipiga kofi. Mumewe, Mbaraka, alikuwa amelazwa hospitalini, na jana tu aliagiza uji wa pilipili manga. Siku hizi majiko yote yameunganishwa na hospitali, na yamefundishwa kwamba nyumba yenye msiba haiwashi moto. Lakini si huwa yanakosea?

Jirani yake, Mama Salha, akaingia na sufuria ya wali, macho mekundu.

"Jiko langu limeniambia nikupikie, shoga. Nilidhani wamekupigia simu."

"Nani kanipigia? Kwa hiyo majiko ya mtaa mzima yamejua kabla yangu, mimi mkewe?"

Akaburuta jiko la mkaa kutoka stoo, akaliwasha kwa hasira, akateleka uji upya.

"Nyumba hii haina msiba mpaka binadamu aniambie. Haya, niambie wewe!"

Mama Salha akatua wali chini. Akapiga magoti, akaanza kupepea mkaa.