Konrodi ya Shemeji

Fundi aliitundika konrodi kwenye kamba, akaigonga kwa spana. Ikatoa mlio wa sufuria iliyopasuka. Akaitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula, kisha akaenda mlangoni kutema mate.

"Umesikia?" alimwuliza shemeji yake. "Chuma cha maana kinalia. Hii imemiminwa tu kwenye kalibu, ikasuguliwa, ikatiwa kwenye boksi zuri. Uchafu mtupu."

Akatundika ya pili, nyeusi, haina sura wala boksi. Akaigonga. Mlio wake ulikwenda mpaka kwenye mabati ya paa na ukakawia huko.

"Hii imefuliwa kwa nyundo. Ndiyo tutakayofunga."

Shemeji hakuinua hata macho. Alikuwa akichokonoa meno kwa bisibisi ndogo ya fundi, ile ya kurekebishia kabureta. Akakikagua alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Fundi akageukia ukutani.

Pikipiki yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko wao wote wawili. Kiwanda chake kilishafungwa, na spea zake sasa anatengeneza yeyote mwenye tanuri na tamaa. Shemeji aliinunua ili Jumapili ashindane na wenzake kwenye ule mteremko mrefu nje ya mji. Konrodi ya zamani ilikuwa imekwisha kabisa. Ni kipande kidogo tu, mkono wa chuma unaoshika pistoni, lakini kikikatika kwenye mwendo kasi kinatoboa injini, gurudumu la nyuma linaganda palepale, na aliyekaa juu anarushwa. Fundi aliwahi kumwona mtu aliyerushwa hivyo. Walimkusanya.

Alimweleza shemeji yote haya, tena kwa upole uliomchosha taya, maana huyu alikuwa mume wa dada yake.

"Nifungie hiyo inayong'aa," alisema shemeji.

"Inakaa ndani ya injini, gizani, imelowa oili. Nani ataiona?"

"Mimi nitajua ipo." Akacheka na kujipangusa mdomo kwa kiganja. "We kijana una maneno kama dada yako. Afadhali yule siku hizi ametulia. Nimemnyoosha."

Akaitupa bisibisi mezani, bado ina mate, akaondoka. Fundi aliiosha kwa petroli, akaifuta, akaiosha tena. Hakupata kumpenda mtu huyu hata siku moja. Alichukia marashi yake yaliyobaki gerejini baada ya mwenyewe kuondoka, alichukia na ule mkono laini anaokupa uushike bila yeye kushika.

Mchana dada yake alipiga simu.

"Amechagua ipi?"

"Unauliza? Ile takataka inayong'aa."

Dada alikulia kwenye gereji hii hii, baba yao aliwafundisha wote wawili, na hakuhitaji kuambiwa tofauti ya chuma na chuma.

"Itakatika?"

"Itakatika tu, dada. Akishaifungulia mafuta pale mteremkoni, haifiki chini."

"Na anakwenda peke yake? Habebi mtu?"

"Peke yake."

"Basi usibishane naye, mdogo wangu. Unamjua alivyo mkaidi. Mfanyie anavyotaka." Na simu ikakatika.

Sauti yake ilikuwa imechoka, na fundi aliisikia kichwani kutwa nzima. Maskini dada, amekata tamaa mpaka ya kumwombea mumewe uhai! Alimwona tayari amevaa nguo za msiba, amekaa chini, watu wanampa pole. Wazo hilo lilimchafua roho kuliko hata yale mate.

Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja yeyote, akamdanganya. Alifunga konrodi nyeusi. Aliipima, akaipaka oili, akaikaza nati moja moja kama alivyofundishwa, na kila alipokaza aliona uchungu kwamba mikono yake mizuri inamhangaikia mtu wa namna ile. Alipomaliza alinawa mpaka kwenye viwiko.

Jumamosi asubuhi dada alikuja. Alikaa juu ya tairi, akapokea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa bandeji pamoja.

"Umefanyaje?"

"Mlango," alisema dada. Akaitazama pikipiki. "Imekwisha?"

"Imekwisha. Anaifuata jioni."

"Umeifunga ile?"

Fundi alishindwa kuendelea kumtesa. Akachuchumaa mbele yake, kama zamani walipokuwa wakificha siri mbele ya baba.

"Sikiliza, dada, uache kuhangaika. Ndani mna konrodi ya kweli. Takataka yake iko pale chini ya meza. Hajui, na mimi simwambii. Mtu mwenyewe ananitia kinyaa, sikufichi, siwezi hata kunywa maji kwenye kikombe alichoshika. Lakini atateremka salama, na atarudi nyumbani kwako. Nimefanya kwa ajili yako."

Dada aliweka kikombe sakafuni polepole, bila kumwaga. Alimtazama mdogo wake, na mdogo wake akatabasamu, akingoja shukrani.

"Jioni, umesema?"

"Jioni."

"Basi tuna muda." Dada akasimama, akaufunga mlango wa gereji kwa ndani, akakunja mikono ya gauni na kuchukua spana. "Fungua injini. Mrudishie aliyoichagua."